Bei ya Kungoja: Mvinyo Mwekundu wa Bordeaux kama Mali ya Kuwekeza

Sehemu kubwa ya mvinyo unaotengenezwa duniani hunywewa kabla ya miaka mitatu kupita tangu zabibu zake kuvunwa, na kuutunza zaidi ya hapo hakuuongezei ladha wala thamani. Lipo hata hivyo kundi dogo la mivinyo myekundu, linaloongozwa tangu zamani na ile ya Bordeaux, mkoa ulio kusini-magharibi mwa Ufaransa karibu na bahari ya Atlantiki, ambayo huanza kufikia ubora wake baada ya miaka kumi hivi na kudumu katika ubora huo kwa miaka ishirini au zaidi, huku idadi yake sokoni ikizidi kupungua kwa kuwa chupa ikishafunguliwa haina mbadala. Ndiyo sababu mivinyo hiyo hununuliwa na watu wasiokusudia kuinywa karibuni, na siku hizi hata na watu wasiokusudia kuinywa kamwe, ambao huiweka katika maghala kama wengine wanavyoweka hisa au hati fungani. Maandishi ya kuisifu biashara hiyo ni mengi, na mengi kati yake yameandikwa na wale wanaoiuza, kwa hiyo inafaa kuichambua kwa kuuliza swali moja ambalo wauzaji hulipita haraka: katika miaka ile ya kungoja, ambayo ndiyo inayougeuza mvinyo kuwa mali, ni nani anayebeba gharama na hatari, na ni nani anayelipwa?

Uwezo wa mvinyo kungoja unatokana kwanza na udongo na aina ya zabibu. Mito ya Garonne na Dordogne hukutana kaskazini mwa mji wa Bordeaux na kufanya mlango mpana wa Gironde unaoingia baharini. Upande wa kushoto, katika maeneo ya Médoc na Graves, ardhi imejaa kokoto zilizoletwa na maji katika enzi za kale, ambazo hupitisha mvua upesi na kutunza joto la mchana, na hapo ndipo inapostawi Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo yenye ganda nene na inayochelewa kuiva. Upande wa kulia, yaani Saint-Émilion na Pomerol, una udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, ulio baridi na unyevu zaidi, unaoifaa Merlot inayowahi kuiva, pamoja na Cabernet Franc. Mvinyo wa Bordeaux karibu daima ni mchanganyiko wa zabibu hizo, na hicho ndicho kinachomaanishwa mkulima wa California au wa Stellenbosch huko Afrika Kusini anaposema kwamba mvinyo wake ni wa mtindo wa Bordeaux. Maganda na mbegu, na kwa kiasi fulani mbao za mwaloni za mapipa ambamo mvinyo hulazwa kwa takriban miezi 18, hutoa tanini, yaani kemikali za mimea zinazokausha ulimi kwa ukakasi ule ambao kila aliyewahi kuuma bibo anaufahamu. Kadiri miaka inavyopita, tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kuungana na rangi ya zabibu, zikalainika na nyingine zikashuka chini ya chupa kama mashapo, huku harufu ya matunda mabichi ikiipisha harufu ya tumbaku, ngozi na mbao za mwerezi. Mabadiliko hayo hayana ratiba inayojulikana mapema, na kwa hiyo kila anayeununua mvinyo huo ukiwa mchanga ananunua makadirio ya hali yake ya baadaye.

Chanzo cha pili ni mwaka wenyewe. Bordeaux iko karibu nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo mzabibu hulala wakati wa baridi, huchipua katika majira ya kuchipua, na kutoa mavuno mamoja tu mwezi Septemba au Oktoba, hivi kwamba baridi kali ya ghafla mwezi Aprili, mvua ya mawe mwezi Juni au mvua nyingi mwezi Septemba inaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Msomaji anayeijua mizabibu ya Dodoma, ambayo kwa kuwa iko katika ukanda wa joto huvunwa mara mbili kwa mwaka, ataelewa kwa nini mwaka ulioandikwa kwenye chupa hauna huko uzito ambao watu wa Bordeaux huupa. Mchumi Orley Ashenfelter wa Chuo Kikuu cha Princeton alionyesha, kwa kutumia bei za mnadani za mivinyo iliyokomaa ya mavuno ya kuanzia 1952 hadi 1980, kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati ya mwaka mmoja na mwingine inaelezwa na mambo manne: umri wa mvinyo, mvua ya majira ya baridi kabla ya mzabibu kuchipua, wastani wa joto la msimu wa kukua, na mvua ya Agosti na Septemba, ambayo kati ya hayo manne ndiyo peke yake inayoshusha bei. Aliposema, akitegemea hesabu tu, kwamba mavuno ya 1989 na 1990 yangekuwa miongoni mwa makuu, waonjaji wengi mashuhuri walichukizwa, lakini mavuno yote mawili yameheshimiwa hadi leo. Kwa mwekezaji, hata hivyo, lililo zito zaidi katika utafiti huo ni jambo jingine. Bei za mivinyo ingali michanga hazikuifuata hali ya hewa kwa ukaribu uleule. Mivinyo ya miaka mibaya ilianza kwa bei iliyozidi thamani yake na ikachukua muda mrefu kushuka hadi mahali pake. Taarifa iliyokuwa wazi katika rejista za vituo vya hali ya hewa haikuwa imeingia katika bei ya mwanzo, na aliyenunua mapema alikuwa akigharamia matumaini ya muuzaji.

Juu ya udongo na mwaka limejengwa jina. Kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Paris ya 1855, yaliyofanyika chini ya Napoleon III, madalali wa mvinyo wa Bordeaux walitakiwa kuandaa orodha ya mashamba bora, nao hawakuonja chochote kwa ajili hiyo, bali waliyapanga mashamba katika madaraja matano kwa kufuata bei ambazo mivinyo yao ilikuwa imepata kwa miongo mingi. Daraja la kwanza walilipa mashamba manne, Lafite, Latour na Margaux ya Médoc pamoja na Haut-Brion ya Graves, na badiliko kubwa pekee lililofuata lilikuja mwaka 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa kutoka daraja la pili kwa amri iliyotiwa saini na Jacques Chirac, wakati huo akiwa waziri wa kilimo. Saint-Émilion ina orodha yake, iliyoanza 1955 na hupitiwa upya takriban kila miaka kumi kwa mabishano yasiyoisha ambayo yamefanya mashamba makubwa kama Ausone, Cheval Blanc na Angélus kujiondoa. Pomerol haijawahi kuwa na orodha yoyote, na hilo halijaizuia Petrus kuuzwa ghali kuliko karibu majirani wote. Orodha ya 1855 basi ilikuwa picha ya bei, kisha ikawa chanzo cha bei, kwa sababu daraja hilo limefungwa kwenye jina la shamba na wala si kwenye vipande vya ardhi, na mwenye jina anaweza kununua ardhi ya jirani na kuvuna chini ya daraja lilelile.

Utaratibu wa kuuza ndiyo sehemu inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake ndimo mzigo wa kungoja umekuwa ukihamishwa kutoka bega hadi bega. Kwa desturi, shamba la Bordeaux haliuzi moja kwa moja kwa wanywaji. Huuza kwa wafanyabiashara wa jumla, wanaojulikana kwa Kifaransa kama négociants, kupitia dalali ambaye kwa kawaida hupata asilimia 2, na mtandao huo wa mashamba, madalali na wafanyabiashara ndio unaoitwa Soko la Bordeaux, ingawa hauna jengo wala ukumbi. Hadi karne ya 20 ilipokuwa imesonga mbele, mfanyabiashara wa jumla aliununua mvinyo ukiwa pipani, akaulaza katika maghala yake ya mtaa wa Chartrons kando ya mto, akautia chupani na kuuza ulipoiva, kwa hiyo mtaji uliokuwa umefungwa ulikuwa wake, hatari ilikuwa yake, na faida ya kungoja ikawa yake pia. Baron Philippe de Rothschild wa Mouton alianza kuuvunja mpango huo mwaka 1924 alipoamua kutia chupani mavuno yake yote shambani kwake, na kuanzia 1972 kutia chupani shambani kukawa lazima kwa mashamba yote yenye daraja. Muda mfupi baadaye ulikuja msukosuko wa mafuta wa 1973, uliowakuta wafanyabiashara wakiwa wamenunua mavuno ya 1972, yaliyokuwa duni, kwa bei za kukisia. Wengi walianguka, na waliobaki hawakuwa tena na mtaji wa kulaza mvinyo kwa miaka mingi. Ilibidi apatikane mtu mwingine wa kungoja, na aliyepatikana ni mnunuzi wa mwisho.

Hapo ndipo ununuzi wa mapema, ambao Wafaransa huuita en primeur, ulipotoka mikononi mwa wafanyabiashara na kuwafikia watu binafsi wa London, New York na baadaye Hong Kong. Zabibu huvunwa Septemba au Oktoba; Aprili inayofuata waonjaji hualikwa kuonja sampuli kutoka mapipani, kati ya Aprili na Juni shamba hutangaza bei na kuuza kwa mafungu, mnunuzi hulipa papo hapo, na chupa humfikia takriban miaka miwili baadaye. Kwa muda wote huo anachomiliki ni ahadi, na iwapo aliyemuuzia atafilisika kabla ya chupa kufika, yeye hupanga foleni pamoja na wadai wengine wasio na dhamana. Mpango kama huo unaweza kuwa wa haki kwa sharti moja tu, kwamba bei ya mapema iwe chini kwa kiasi kinacholipa riba, hatari na kungoja. Mavuno ya 1982 yalilitimiza sharti hilo kwa namna iliyobadilisha mawazo ya kizazi kizima, kwani yalikuwa mengi na mazuri, dola ilikuwa na nguvu dhidi ya faranga, na Mmarekani Robert Parker, aliyekuwa ameanzisha jarida lake la The Wine Advocate mwaka 1978 na kueneza utoaji wa alama hadi 100, aliyasifu bila kusita wakati wenzake kadhaa walikuwa na shaka. Walionunua mapema walipata faida ambayo imeendelea kutajwa katika vipeperushi vya wauzaji kwa zaidi ya miaka arobaini, kana kwamba ni desturi ya biashara hiyo, wakati kwa kweli ilikuwa tukio.

Historia ya miaka ya karibuni inaonyesha jambo hilo kwa uwazi. Mavuno ya 2008 yalitolewa mwaka 2009, katikati ya msukosuko wa fedha duniani, na mashamba kwa hofu yalishusha bei. Hong Kong ilikuwa imefuta ushuru wa mvinyo Februari 2008, wanunuzi wa China waliingia kwa kishindo, na Lafite ya 2008, ambayo chupa zake zilichorwa alama ya Kichina ya namba nane, namba ya bahati katika utamaduni huo, ikapanda thamani mara kadhaa. Mashamba yaliiona faida hiyo ikienda kwa wengine, na katika mavuno yaliyofuata ya 2009 na 2010, yote mawili yakiwa bora kweli, yaliamua kuichukua yenyewe kwa kutangaza bei za mwanzo ambazo hazijawahi kuonekana. Fahirisi ya mivinyo 100 inayotolewa na Liv-ex, soko la wafanyabiashara wa mvinyo lililoanzishwa London mwaka 2000, ilifika kileleni Juni 2011, kisha ikaporomoka kwa miaka mitatu, na wengi walionunua mivinyo hiyo mikuu mapema walikuta, baada ya kungoja miaka mingi, kwamba wangeweza kuipata sokoni kwa bei ya chini kuliko waliyolipa. Mavuno ya 2019, yaliyotolewa wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, yalipunguzwa bei na mashamba kadhaa kwa karibu theluthi moja, na yakawanufaisha wanunuzi. Bei zilipanda tena kwa mavuno ya 2022, riba za benki zikapanda, fahirisi zikashuka mfululizo kuanzia mwisho wa 2022, na mavuno ya 2023 yakatolewa kwa punguzo jingine kubwa, la karibu theluthi kwa Lafite, bila kuyaamsha mahitaji kama ilivyotarajiwa. Mnunuzi wa mapema, basi, amenufaika katika miaka ambayo muuzaji aliogopa, na ameumia katika miaka ambayo muuzaji alijiamini. Ubora wa mavuno, ambao ndio unaotajwa zaidi katika matangazo, umekuwa na uzito mdogo kuliko hali ya moyo wa anayetangaza bei.

Dosari hiyo haitokani na tamaa ya mtu mmoja mmoja pekee, bali iko katika muundo. Mfanyabiashara wa jumla hupewa mgawo, yaani haki ya kununua idadi fulani ya makasha kila mwaka, na akikataa mwaka mbaya au ghali anaweza kuukosa mgawo wake katika mwaka mzuri, kwa hiyo hununua hata asichoamini kwamba kitauzika, na mashamba huchukua ununuzi huo kuwa ushahidi kwamba bei ilikuwa sahihi. Wakati riba ilikuwa karibu na sifuri maghala ya Bordeaux yaliweza kuzimeza bidhaa hizo kimya kimya. Riba ilipopanda, kila kasha lililolala likawa deni linalokua, na wafanyabiashara walianza kuuza kwa hasara ili wapate fedha taslimu, wakishindana moja kwa moja na bei mpya za mashamba yaleyale.

Je, mvinyo huo ni uwekezaji mzuri kwa kipimo cha muda mrefu? Jibu lenye msingi imara kuliko mengine limetolewa na Elroy Dimson, Peter Rousseau na Christophe Spaenjers, ambao katika utafiti uliochapishwa 2015 walikusanya bei za mashamba ya daraja la kwanza kutoka minadani na katika orodha za muuzaji mmoja wa London, kuanzia 1900 hadi 2012, na kukadiria kwamba faida halisi, yaani baada ya kutoa mfumuko wa bei, ilikuwa wastani wa asilimia 5.3 kwa mwaka, ikishuka hadi asilimia 4.1 gharama za kutunza na bima zinapohesabiwa. Kiwango hicho kimeshinda hati fungani za serikali, kazi za sanaa na stempu, lakini hakikuzishinda hisa. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba mvinyo wa mwaka mzuri hupanda kwa kasi katika miongo yake ya kwanza, hutulia unapokomaa, kisha hupanda tena ukishakuwa kitu cha kale kinachotafutwa kwa ajili ya uadimu wake hata kama ladha imekwisha. Makadirio hayo nayo hayajabeba kila mzigo wa mnunuzi wa kawaida, kwa sababu nyumba za mnada hutoza mnunuzi ada ya asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo, muuzaji naye hukatwa yake, na pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza siku hiyohiyo linaweza kumeza faida ya miaka miwili au mitatu. Mvinyo hauna gawio wala riba. Kila senti hutoka siku ya kuuza tu. Faida moja ambayo Bordeaux inayo dhidi ya washindani wake ni ukwasi, yaani wepesi wa kuuza bila kushusha bei sana, nao unatokana na wingi: shamba la daraja la kwanza hutoa zaidi ya chupa laki moja kwa mwaka, wakati Romanée-Conti ya Burgundy, yenye hekta zisizofika mbili, hutoa chupa elfu chache tu. Hata faida hiyo imepungua, kwani karibu na 2010 Bordeaux ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya Liv-ex, na miaka kumi baadaye ilikuwa imeshuka chini ya nusu kwa kuwa wanunuzi wamehamia Burgundy, Champagne, Italia na Marekani.

Kinachozitofautisha chupa mbili za shamba moja na mwaka mmoja ni njia ambazo chupa hizo zimepitia. Mvinyo unataka joto lisilobadilika la nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, unyevu wa hewa wa asilimia 70 hivi, giza, na chupa kulazwa ili kizibo kisikauke. Chupa iliyokaa majira machache katika chumba chenye joto hupoteza kiwango cha kimiminika, kizibo husukumwa juu, na yaliyomo huzeeka kabla ya wakati. Wanunuzi wa minadani hutazama kwanza mvinyo umeshuka hadi wapi, kama ungali shingoni au umefika begani mwa chupa, kisha hutaka kujua iwapo kasha la mbao ni la awali na iwapo zipo hati za kila ghala lililopitiwa. Thamani ya hati hizo ilionekana Oktoba 2010, nyumba ya mnada ya Sotheby's ilipouza Hong Kong chupa tatu za Lafite ya 1869 kwa dola za Hong Kong milioni 1.8 kila moja: zilitoka moja kwa moja katika maghala ya shamba lenyewe, hazikuwahi kupita mikononi mwa mtu mwingine, na wanunuzi waliilipia hakika hiyo pamoja na mvinyo.

Pasipo na hakika hiyo, ughushi umekuwa rahisi kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1985 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza kwa pauni 105,000 chupa iliyosemwa kuwa ni Lafite ya 1787, yenye herufi zilizochongwa kuashiria kwamba ilikuwa ya Thomas Jefferson, rais wa kale wa Marekani. Iliwasilishwa na mkusanyaji wa Kijerumani Hardy Rodenstock, na ingawa wataalamu wa kumbukumbu za Jefferson hawakuona ushahidi wowote wa umiliki huo, soko liliamini. Tajiri wa Marekani William Koch, aliyekuwa amenunua chupa nne za kundi hilo, aliajiri wachunguzi, nao wakahitimisha kwamba herufi zilichongwa kwa chombo cha umeme. Rudy Kurniawan, aliyekuwa akisifiwa kama mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa Marekani, alikamatwa mwaka 2012 akiwa na lebo, vizibo na mihuri nyumbani kwake California, na mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi. Ulaghai wa karibuni zaidi hauhitaji hata chupa: mwaka 2022 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki wakuu wawili wa kampuni iliyoitwa Bordeaux Cellars, wakidai kwamba walikusanya takriban dola milioni 99 kutoka kwa wakopeshaji kwa dhamana ya mvinyo ambao sehemu yake kubwa haikuwako. Mwekezaji anayenunua kwa njia ya mtandao au simu, bila kuhakikisha kwamba ghala lenyewe, si muuzaji, limemwandikia hati yenye jina lake na namba za makasha yake, yuko katika hatari hiyohiyo.

Kwa sababu hizo, mvinyo wa kuwekeza kwa kawaida hauondoki katika maghala ya forodha, ambayo ni maghala yaliyoidhinishwa na serikali ambamo bidhaa hukaa bila kulipiwa ushuru wala kodi ya ongezeko la thamani hadi itolewe kwa matumizi. Maghala mashuhuri ya aina hiyo yako Uingereza, mojawapo likiwa ndani ya machimbo ya mawe ya zamani huko Wiltshire, na kasha linaweza kubadilisha wamiliki watano bila kusogezwa. Mkusanyaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hana sababu ya kuwa na utaratibu tofauti. Akileta kasha nyumbani atalipa ushuru, ataweka mvinyo mahali ambapo, hasa pwani, joto la kawaida ni maradufu ya kinachohitajika na umeme wa friji unaweza kukatika, na juu ya hayo atakuwa ameikata njia ya hati inayoithibitisha chupa, hivi kwamba hata kama mvinyo hautaharibika, London haitaununua tena kwa bei kamili. Kinacholetwa nyumbani ni kile kilichokusudiwa kunywewa. Kinachobaki ghalani nacho kina hatari yake, kwa maana thamani yake iko katika pauni na euro, na mabadiliko ya sarafu yanaweza kumwongezea au kumpunguzia mwenyewe zaidi ya yale yatakayofanywa na mvinyo.

Mivinyo ya mtindo wa Bordeaux kutoka kwingine haihitaji maelezo marefu katika hoja hii. Ubora wake haujakuwa na shaka tangu shindano la Paris la 1976, ambapo waonjaji wa Kifaransa, bila kuona lebo, waliiweka Stag's Leap ya California ya 1973 mbele ya Mouton na Haut-Brion za 1970, na Afrika Kusini ina mivinyo kama Rubicon ya Meerlust na Paul Sauer ya Kanonkop ambayo hudumu miongo kadhaa na kugharimu sehemu ndogo ya bei ya daraja la kwanza. Mnywaji wa Afrika Mashariki anapata katika mivinyo hiyo ya Stellenbosch ladha nyingi kwa fedha chache kuliko popote Médoc. Soko la pili la mivinyo hiyo, yaani soko la wamiliki kuuziana, bado ni jembamba mno kumrudishia mwekezaji fedha kwa wakati anaoutaka, isipokuwa kwa majina machache kama Opus One, iliyoanzishwa na Rothschild wa Mouton pamoja na Robert Mondavi na ambayo tangu 2004 huuzwa nje kupitia wafanyabiashara haohao wa Bordeaux.

Kuna badiliko moja ambalo linaugusa msingi wenyewe wa kungoja, nalo ni joto la dunia. Miaka ambayo zabibu za Bordeaux hazikuiva, ambayo zamani ilikuwa ya kawaida, imekuwa michache. 2015, 2016, 2018, 2019, 2020 na 2022 yote husifiwa kuwa mizuri au mikuu, na mbinu za kisasa za shambani na kiwandani zimeilainisha tanini hivi kwamba mvinyo unaweza kunywewa ukiwa na miaka saba au minane badala ya ishirini. Kwa mnywaji hayo ni mafanikio, lakini kwa mwekezaji ni mmomonyoko wa pande mbili, kwa sababu mwaka mkuu haupatikani tena kwa nadra, na kungoja hakuna tena ulazima uliokuwapo. Wakati huohuo mashamba madogo yasiyo na daraja yanazama: mwaka 2023 Bordeaux ilianzisha mpango wa kung'oa takriban hekta 9,500 za mizabibu kwa fidia ya hadi euro 6,000 kwa hekta, maana Wafaransa wenyewe wanakunywa mvinyo mwekundu kidogo kuliko wazazi wao. Ni kosa kudhani kwamba majina makuu yanaweza kukaa salama juu ya mkoa unaopoteza wanywaji, kwa kuwa kila mkusanyaji wa kasha la Latour alianza, mahali fulani, na chupa ya bei nafuu mezani.

Ushauri unaotokana na ushahidi huu ni kwamba mwenye fedha za kuweka katika Bordeaux leo ana sababu ndogo ya kununua kilicho pipani, isipokuwa bei ya mapema iwe chini kwa dhahiri kuliko ya mavuno ya zamani yenye ubora unaolingana, jambo ambalo linaweza kukaguliwa kwa dakika chache katika orodha za bei. Sababu kubwa zaidi ipo ya kununua mavuno yenye miaka kumi hadi ishirini, ambayo hukumu yake imeshatolewa na vinywa vya watu, ambayo sehemu yake imeshanywewa, na ambayo imelala katika ghala moja la forodha tangu ilipowasili. Latour, inayomilikiwa na François Pinault tangu 1993, ilikuwa ya kwanza kati ya mashamba makuu kulikiri hilo kwa vitendo: mwaka 2012 ilitangaza kujiondoa katika ununuzi wa mapema, na sasa hutoa mivinyo yake kutoka katika maghala yake yenyewe inapoona imekaribia kuiva, kwa bei inayojumuisha malipo ya kuitunza. Anayetaka kujua kama malipo hayo ni ya haki aitafute Latour ya mwaka uleule wa kasha lililotolewa na shamba baadaye, lakini iliyouzwa mapema kabla ya badiliko hilo, mathalani ya 2009 au 2010, iliyolala London kwa mmiliki mmoja, aweke bei yake kando ya bei ya kasha lililotoka shambani, na tofauti atakayoiona ndiyo gharama ya uhakika kama soko linavyoikadiria kwa wakati huo.